Je, Umbo Hulijibu Joto?

Leo tutazungumza juu ya uamuzi ambao mhandisi hulazimika kuufanya kabla hajaiambia kompyuta ianze kupiga hesabu. Anataka kujua kama kifaa kitapasuka au kupinda kwa sababu ya joto. Je, ahesabu joto kwanza, kisha mkazo? Au ahesabu joto na mkazo kwa wakati mmoja? Swali hili linaonekana kuwa la wataalamu peke yao, lakini majibu yake yamo ndani ya breki za magari tunayopanda na ndani ya kuta za mabwawa yanayotupatia umeme. Basi tukae pamoja kwa dakika hizi chache tulichambue taratibu.

Tuanze na msingi wenyewe. Kitu kigumu kikipata joto hutanuka, kikipoa husinyaa. Mabati ya paa hulia adhuhuri kwa sababu yanataka kutanuka na misumari inayazuia. Na hapo penye kuzuiwa ndipo mkazo unapozaliwa. Chukua nondo ya chuma yenye urefu wa mita 10, ipashe joto nyuzi 30 zaidi, itarefuka kwa milimita tatu na nusu hivi. Ukiiacha huru, itarefuka na hakuna litakalotokea. Lakini ukiibana barabara ncha zote mbili, kisha ukaipasha nyuzi 50, ndani yake utapatikana mkazo unaokaribia nusu ya ule unaotosha kuliharibu umbo la chuma cha kawaida cha ujenzi. Hakuna aliyeigonga nyundo, hakuna aliyeiwekea mzigo. Ni joto tu, na kuzuiwa tu. Huo ndio mkazo wa joto, na ndio unaopasua zege, kukunja reli na kupinda vichwa vya injini.

Sasa kompyuta inaingiaje? Kuna mbinu iitwayo elementi finiti. Mhandisi hukichora kifaa ndani ya kompyuta, kisha programu hukigawa vipande vidogo vidogo vinavyoshikana kama wavu. Katika kila fundo la wavu huo, kompyuta inatafuta mambo mawili: halijoto ya hapo ni ngapi, na hapo pamesogea kiasi gani. Katika njia ya kwanza, ambayo nitaiita njia ya mfuatano, kompyuta huhesabu halijoto zote tangu mwanzo hadi mwisho na kuzihifadhi. Baadaye huanza hesabu ya pili, inazisoma zile halijoto na kutafuta mkazo. Katika njia ya pili, nitakayoiita njia ya pamoja, kila hatua ya muda huhesabiwa joto na mkazo kwa mkupuo mmoja, kila upande ukiusikiliza mwenzake. Ni njia mbili tu: mfuatano, na pamoja.

Ipi bora? Hapa ndipo ninapotaka kutoa hoja yangu ya leo, nayo ni hii. Uchaguzi huu usiamuliwe na ukubwa wa kompyuta wala na upya wa programu. Uamuliwe na maswali mawili yanayohusu kifaa chenyewe. Swali la kwanza: tunajua joto hubadili umbo, lakini je, umbo nalo hulijibu joto? Yaani, kifaa kikitanuka, kikipinda au kikibanwa, je, hilo linabadili jinsi joto linavyozalishwa au linavyopita? Swali la pili: kama umbo linajibu, linajibu kwa nguvu kiasi gani? Ikiwa hakuna jibu, au jibu ni dogo mno, njia ya mfuatano inatosha, tena ni bora zaidi. Ikiwa jibu ni kubwa, njia ya mfuatano itakudanganya, na itakudanganya kwa picha nzuri za rangi rangi. Naomba mshike maswali hayo mawili, kwa sababu tutayapeleka sehemu mbalimbali.

Mtu anaweza kusema hivi: ndugu mtangazaji, sheria za maumbile hazikuacha nafasi, chuma kikivutwa hupoa kidogo, kikibanwa hupata joto kidogo, kwa hiyo umbo hulijibu joto siku zote. Ni kweli kabisa. Katika karne ya 19 William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, alilieleza jambo hilo kwa hesabu, na mwaka 1956 Maurice Biot aliandika milinganyo inayounganisha joto na mkazo kwa ukamilifu. Lakini tuliulize lile swali la pili: linajibu kwa nguvu kiasi gani? Ukikivuta chuma kwa mkazo mkubwa, unaokaribia nusu ya uwezo wake, halijoto yake hubadilika kwa sehemu moja ya kumi ya nyuzi moja tu. Na badiliko hilo la joto likirudi kuzaa mkazo, mkazo unaozaliwa ni mdogo mara mia kadhaa kuliko ule ulioanza. Hakuna mhandisi anayezijua sifa za chuma chake kwa usahihi wa kiasi hicho. Kwa hiyo njia ya kurudi, yaani kutoka umbo kwenda joto, ipo, lakini ni nyembamba mno kiasi cha kutobeba chochote cha maana. Ndiyo maana nasema haitoshi kuitaja njia ya kurudi, lazima uipime.

Haya, sasa twende kwenye bwawa. Zege likimwagwa, saruji huchanganyika na maji na kutoa joto lake yenyewe. Kwenye ukuta wa nyumba joto hilo hutoka upesi, hata hulioni. Lakini kwenye ukuta wa bwawa, ambao unene wake ni makumi ya mita, joto hukwama ndani. Na muda wa kutoka hauongezeki sawasawa na unene. Unene ukiwa maradufu, muda huwa mara nne. Joto linalohitaji takriban siku 12 kupenya mita 1 ya zege litahitaji zaidi kidogo ya miaka mitatu kupenya mita 10. Nje kumepoa na kusinyaa, ndani bado kuna moto na kumetanuka, basi uso wa nje huvutwa hadi unapasuka. Walipojenga bwawa la Hoover huko Marekani miaka ya 1930, walimwaga zege kwa vitalu vilivyotenganishwa, na ndani yake wakalaza mabomba yenye urefu wa zaidi ya kilomita 900 kwa jumla ili maji baridi yapite na kulitoa joto. Hapa kwetu Tanzania, Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji limejengwa kwa zege lililoshindiliwa tabaka juu ya tabaka, na aina hiyo ya ujenzi nayo hudai swali lile lile: tabaka hili limepata joto kiasi gani kabla ya lile la juu yake kuwekwa?

Tuulize maswali yetu mawili hapo. Je, umbo la zege hulijibu joto? Saruji inapotoa joto, haijali kama imebanwa au imevutwa. Hutoa joto kwa kadiri ya umri wake na halijoto yake. Ukuta ukinyanyuka kwa milimita chache, maji ndani ya mabomba hayabadili halijoto, na upepo hauvumi tofauti. Jibu la umbo kwa joto ni karibu na hakuna. Basi hesabu joto kwanza, lihifadhi, kisha hesabu mkazo. Na hapa kuna faida kubwa ambayo watu huisahau. Ukishalihifadhi lile joto, unaweza kulitumia tena na tena. Unataka kujaribu zege linalotoa joto lile lile lakini lenye nguvu nyingine, au viungo vya vitalu vinavyoshikana kwa namna tofauti? Hesabu ya joto ipo tayari, unarudia hesabu ya mkazo tu. Kwa kazi ambayo mhandisi huirudia mara nyingi akitafuta mpango ulio salama, hiyo si faida ndogo.

Kabla hatujaondoka bwawani, naomba tusahihishe wazo moja linalowapotosha wanafunzi wengi. Husemwa kwamba ikiwa sifa za kifaa hubadilika kwa joto, basi njia ya pamoja ni lazima. Si hivyo. Zege hukomaa upesi zaidi likiwa na joto, na chuma hulegea kikipata moto sana. Lakini hayo yote ni joto likizungumza na umbo. Njia ya mfuatano inayamudu vizuri, maana kila halijoto imekwisha kujulikana na programu inachagua sifa zinazolingana nayo. Hali kadhalika, sifa za kupitisha joto zikibadilika kwa halijoto, hilo ni joto likizungumza na joto, nalo hukamilishwa ndani ya hesabu ya kwanza. Kinacholazimisha njia ya pamoja ni kitu kimoja tu: umbo kulijibu joto, tena kwa nguvu. Narudia: umbo kulijibu joto, tena kwa nguvu.

Sasa tuhame bwawani twende barabarani. Fikirieni lori lililosheheni likishuka mlima Kitonga mkoani Iringa. Tuseme lina uzito wa tani 30 na linashuka kimo cha mita 300. Kama breki peke yake ndizo zingelizuia lisiongeze mwendo, zingepokea joto linalotosha kuchemsha karibu lita 280 za maji. Ndiyo maana madereva husisitiziwa washuke kwa gia nzito, injini isaidie. Joto hilo huzalishwa pale lainingi, ile bitana ya breki, inaposuguana na dramu inayozunguka na gurudumu. Na linazalishwa kiasi gani katika kila sehemu? Inategemea lainingi imebana kwa nguvu gani mahali hapo. Sasa dramu yenye kipenyo cha sentimita 40 ikipata nyuzi 250 zaidi, kipenyo chake hukua kwa zaidi ya milimita moja. Inakimbia kutoka kwenye lainingi. Sehemu zilizokuwa zimegusana zinaachana, sehemu nyingine zinabana zaidi, na joto linahama kufuata mbano. Mnaona? Joto limebadili umbo, umbo limebadili mbano, na mbano umebadili joto. Hapa umbo linajibu, tena linajibu kwa sauti kubwa.

Kwenye breki za diski jambo hili huenda mbali zaidi. Mwaka 1969 mtafiti J. R. Barber alieleza kinachotokea vitu viwili vinaposuguana kwa kasi. Sehemu iliyoinuka kidogo tu hubana zaidi, kwa hiyo hupata joto zaidi. Ikipata joto hutanuka, kwa hiyo huinuka zaidi. Ikiinuka zaidi hubana zaidi. Kasi ikiwa ndogo, joto hupata nafasi ya kusambaa na tofauti hiyo hufifia. Kasi ikipita kiwango fulani, tofauti hukua badala ya kufifia, na mzigo wote wa breki huangukia sehemu chache zenye moto mkali. Mafundi wanayaona madoa ya rangi ya bluu kwenye diski, na madereva wanausikia mtetemo mguuni wanapokanyaga. Sasa fikiria mtu aliyeihesabu diski hiyo kwa njia ya mfuatano. Katika hesabu ya kwanza amegawa mbano sawasawa usoni kote, kwa hiyo joto limetokea sawasawa, kwa hiyo mkazo umetoka laini na salama. Hesabu imekamilika bila onyo lolote. Lakini yale madoa ya moto, ambayo ndiyo yanayoanzisha nyufa, hayamo kabisa. Hayangeweza kuwamo, maana mlango wa kuyaingiza ulifungwa tangu mwanzo.

Mfano mwingine tuupate kwa wale wanaosubu vyuma. Aluminiamu iliyoyeyuka ikimiminwa katika kalibu la chuma, mwanzoni hugusa ukuta wa kalibu na joto hutoka kwa kasi. Ikianza kuganda, husinyaa na kuuacha ukuta, na katikati huingia mwanya mwembamba wa hewa. Hewa hupitisha joto vibaya sana, kwa hiyo upande huo huganda polepole. Upande wa ndani, palipo na kiini cha kalibu, mambo ni kinyume: aluminiamu husinyaa ikikikumbatia kiini, na mguso huongezeka. Kusinyaa kule kule kumepunguza joto linalotoka upande mmoja na kuliongeza upande mwingine. Umbo limejibu. Anayetumia njia ya mfuatano hapa bila kuukumbuka ule mwanya atakosea kujua ni sehemu ipi itaganda mwisho, na sehemu inayoganda mwisho ndiyo mara nyingi huwa na matundu.

Nisikilizeni sasa kwenye mfano unaoonyesha kwa nini kupima ni muhimu kuliko kutaja. Mwaka 1934 G. I. Taylor na H. Quinney walionyesha kwamba chuma kikilazimishwa kubadili umbo kwa kudumu, sehemu kubwa ya kazi hiyo, kama sehemu tisa kati ya kumi, hugeuka kuwa joto. Ndiyo maana chembe zinazotoka kwenye mashine ya kukereza huwa na moto wa kuunguza. Kwa anayechambua ukerezaji, njia hiyo ya kurudi ni pana na njia ya pamoja inahitajika. Lakini anayechambua uchomeleaji naye anao mkunjo wa kudumu katika chuma chake. Je, naye ahesabu kwa pamoja? Tuupime. Mkunjo wa asilimia mbili hivi karibu na mshono huongeza halijoto kwa nyuzi moja au zaidi kidogo, ilhali cheche ya kuchomelea imekipeleka chuma karibu nyuzi 1,500 hadi kikayeyuka. Nyuzi moja mbele ya elfu moja na mia tano haina sauti. Kanuni ni ile ile, uamuzi ni tofauti, kwa sababu kipimo ni tofauti.

Wapo watakaonipinga wakisema: kompyuta za leo zina nguvu, na programu nyingi zina kitufe cha njia ya pamoja, kwa nini tusiitumie siku zote tukawa na usalama? Hoja hii inastahili jibu kamili. Kwanza, pale umbo lisipolijibu joto, njia zote mbili hutoa jibu lile lile. Njia ya pamoja haiongezi ukweli, inaongeza gharama. Kila fundo la wavu linabeba mambo manne yasiyojulikana kwa mpigo, yaani halijoto na msogeo katika pande tatu, na mara nyingi hesabu hupoteza ulinganifu wake, ikadai kumbukumbu ya kompyuta karibu maradufu. Pili, joto na mkazo havitaki wavu mmoja. Joto hutaka elementi ndogo karibu na uso unaopashwa moto; mkazo huzitaka kwenye kona na matundu. Njia ya pamoja huvilazimisha vyote viwili vitumie wavu mmoja na saa moja. Tatu, hesabu ikigoma katikati, hujui aliyegoma ni joto au ni mkazo. Na nne, ambalo kwangu ni kubwa kuliko yote: kosa kubwa mara nyingi limo kwenye takwimu tulizoziingiza, kwa mfano upepo unapoza kiasi gani, au kifaa hakikuwa na mkazo kilipokuwa na halijoto ipi. Kitufe hakiwezi kurekebisha jambo ambalo hatukulipima.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Kuna atakayeuliza: nitajuaje mapema kwamba umbo halijibu, wakati ndilo ninalotafuta? Swali zuri, na linalo jibu la vitendo. Anza kwa njia ya mfuatano. Ukimaliza, angalia umbo lililotokea: je, kuna mwanya uliofunguka ambao hukuuweka? Je, mbano umehama? Kisha chukua umbo hilo jipya, rudia hesabu ya joto mara moja tu, na ulinganishe. Halijoto zikibadilika chini ya kiasi cha mashaka uliyonayo kuhusu takwimu zako, umekwisha kupata jibu lako: mfuatano unatosha. Zikibadilika zaidi ya hapo, nenda kwenye njia ya pamoja bila kusita. Ila mkumbuke diski ya Barber: pale ambapo kosa dogo hujikuza lenyewe, umbo lililo laini kabisa halitaonyesha kitu, kwa hiyo penye msuguano wa kasi jaribio hilo lisiwape faraja, hapo anzeni na njia ya pamoja.

Basi wasikilizaji, tujumlishe. Joto hubadili umbo siku zote. Uliza kwanza kama umbo hulijibu joto, na kwa njia gani hasa: ni mwanya, ni mbano, ni msuguano, au ni kukunjwa kwa chuma? Ukiitaja njia hiyo, ipime. Ikiwa ni nyembamba, kama kwenye zege la bwawa na mshono wa kuchomelea, fuata mfuatano, na muda utakaouokoa utumie kupima takwimu zako vizuri zaidi. Ikiwa ni pana, kama kwenye breki na kwenye kalibu, hesabu kwa pamoja na uvumilie gharama. Kwenu wanafunzi na wahandisi vijana, ninalo ombi moja. Katika kila ripoti ya mkazo wa joto mtakayoiandika, wekeni sentensi moja inayosema kwa nini mmechagua njia hiyo, nayo itaje jibu la umbo na ukubwa wake. Mkaguzi akiisoma sentensi hiyo atajua mahali pa kuanzia kuihoji kazi yenu, na kazi inayoweza kuhojiwa ndiyo tunayoweza kuikabidhi maisha ya watu.